Wanakondoo wa Zizi Dogo: Furaha Zao na Misiba Yao

Katika uwanda wa Kinangop, ulioinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari baina ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa, ambako asubuhi nyingine sakitu hulala juu ya majani ya viazi mpaka jua lipande, ziko jamaa nyingi zilizojaliwa ekari mbili au tatu za ardhi, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, shamba la viazi na kabeji, na kundi la kondoo lisilozidi hesabu ya vidole vya mikono miwili. Kazi za mwaka katika mashamba hayo ni nyingi, na kila moja ina uzito wake. Lakini hakuna muhula unaomtia mwenye shamba furaha na hofu kwa mkupuo mmoja kuliko muhula wa kondoo kuzaa. Katika majuma machache zizi hupokea rizki ya mwaka mzima, na katika majuma hayo hayo hufikwa na misiba ambayo huweza kuifuta rizki hiyo kabla haijahesabiwa. Watu wengi huiona furaha hiyo kuwa ni bahati, na misiba hiyo kuwa ni kadari. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya yote mawili huamuliwa kabla ya siku ya kuzaa, kwa mikono ya mfugaji mwenyewe, na kwamba ile sehemu iliyobaki, isiyo na dawa wala hila, nayo ina adabu yake ya kupokewa.

Kondoo si mgeni katika nyanda hizo za juu. Zama za wakoloni palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, waliowaleta Merino na Corriedale kwa ajili ya sufu. Na mashamba mengi ya namna hiyo yalipogawanywa kwa wakulima wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kondoo alisalia, ila alibadili daraja yake. Kwa mwenye ekari elfu alikuwa bidhaa iliyohesabiwa kwa mamia. Kwa mwenye ekari tatu amekuwa akiba ya karo, dawa ya dharura, samadi ya viazi, na nyama ya sikukuu. Hula majani mafupi ambayo ng'ombe huyaacha, hahitaji zizi la gharama, na mtoto au mzee aweza kumwongoza. Ndiyo sababu kifo cha mwanakondoo mmoja, ambacho katika shamba kubwa kingeandikwa daftarini na kusahauliwa, katika zizi dogo huweza kuwa muhula mmoja wa shule uliopotea.

Katika nchi za kaskazini, kama vile Uingereza, kondoo walio wengi hupata joto la kupandwa siku zinapofupika, wakazaa majira ya kuchipua, kwa hiyo msimu huletwa na jua lenyewe. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na kondoo jike aliyeshiba huweza kushika mimba mwezi wowote. Msimu, basi, hauna budi kutengenezwa na mtu. Wamasai wamelijua jambo hili tangu zamani, wakawa wakimfunga dume kipande cha ngozi tumboni kimzuie kupanda mpaka wakati utakiwao. Na mfugaji wa Kinangop hupata natija ile ile kwa kumtenga dume katika banda lake. Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 147, nazo ni miezi mitano kasoro siku chache. Dume akiingizwa kundini katikati ya Mei, wazaliwa wa kwanza watatokea juma la pili la Oktoba, ambapo baridi kali ya Julai na Agosti imekwisha kupita na mvua za vuli zinakaribia kuotesha majani mabichi. Akiachwa humo siku 42 kisha akaondolewa, kila jike atakuwa amepata fursa mbili au tatu, kwa sababu joto lake hurudi kila baada ya siku 17 hivi, na kuzaa kote kutatokea katika majuma sita ambayo mfugaji ameyatayarishia nguvu zake na usingizi wake. Bali mwenye kumwacha dume azurure na kundi mwaka mzima hupata wazaliwa wakati wa sakitu, wakati wa ukame na wakati yeye mwenyewe yuko shambani akivuna, kisha hushangaa kwa nini wachache tu ndio wanaoishi.

Baada ya dume kuondolewa huja miezi mitatu ya utulivu ambayo humdanganya mtu. Tumbo la jike halionyeshi kitu, na mfugaji hudhani kwamba hapana linalotendeka. Kumbe sehemu iliyo kubwa kabisa ya uzito wa mtoto hujengwa katika majuma sita au manane ya mwisho, na wakati huo huo tumbo la chakula hubanwa na mimba hata mama asiweze kula wingi wa majani anaouhitaji. Majani pekee hayamtoshi. Yampasa apate pumba, mahindi yaliyopondwa kidogo, majani ya mikunde, maji safi na jiwe la chumvi lenye madini. Anayebeba mapacha akinyimwa hayo huanza kuyayeyusha mafuta ya mwili wake mwenyewe apate nguvu ya kuwalisha walio tumboni, na uyeyushaji huo ukizidi humtia sumu: hujitenga na wenziwe, huzubaa, hutembea kama asiyeona, pumzi yake hutoa harufu tamu isiyo ya kawaida, na asipowahiwa huanguka, akafa na watoto wote wawili tumboni. Ni msiba mkubwa, na sababu yake ni kibaba cha chakula kilichokosekana mwezi mmoja kabla. Katika muda huo huo, yaani majuma manne mpaka sita kabla ya kuzaa, ndipo jike achanjwapo dhidi ya pepopunda na maradhi ya jamaa yake, kwa kuwa kinga atakayoipata ataipitisha kwa mwanawe katika maziwa ya kwanza.

Siku ya kuzaa ikiwadia, jike mwenyewe hutoa habari. Kiwele hujaa na kukaza, nyama za pande mbili za mkia hulegea, naye huacha malisho, hutafuta pembe ya upweke, huparapara ardhi kwa kwato, hulala, huinuka na kulala tena. Baadaye hutokea mfuko wa maji; ukishapasuka, mtoto aliyekaa vema huja akiwa ametanguliza miguu miwili ya mbele na pua juu ya magoti, mithili ya mzamiaji ajitosaye baharini. Kuzaa kwingi ni kwa namna hiyo, na kazi ya mtu ni kukaa mbali na kutazama. Kijana asiyezoea akiona jike anajikamua hukimbilia kuuliza, "Mzee, nimvute?" na mzee aliyeona mengi humjibu, "Subiri, mwanangu. Mwenye uchungu ndiye mwenye kazi." Lakini subira nayo ina mpaka wake. Ikipita saa moja tangu maji kupasuka, jike anajikamua kwa nguvu na hapana kinachosogea, au ukionekana mkia bila ya miguu, au kichwa kimetoka peke yake na ulimi umevimba, hapo kuna mguu uliorudi nyuma au mwili uliogeuka. Aitwe mwenye ujuzi upesi, anawe mikono na kuipaka mafuta laini au sabuni, amrudishe mtoto kidogo, aunyooshe mguu kwa upole, kisha avute sambamba na uchungu wa mama. Nguvu bila ya maarifa katika saa hiyo imewaua akina mama wengi walioweza kuokolewa.

Mtoto akishafika chini, yale yatakayotendeka katika saa mbili za mwanzo ndiyo yatakayoamua uhai wake. Utando ufutwe puani, kitovu kichovywe katika dawa ya iodini ili vidudu vya zizi visipate njia ya kuingilia, na mama aachwe amrambe. Kuramba huko humkausha mtoto, huamsha damu yake, na zaidi ya yote humfundisha mama harufu ya mwanawe. Mwanakondoo huzaliwa na mafuta maalumu mwilini yanayompa joto, lakini akiba hiyo ni ya saa chache tu. Ikiisha kabla hajanyonya, hana tena cha kuwasha. Tena huzaliwa hana kinga ya maradhi, kwa maana kondo la kondoo haliruhusu kinga ya mama kupita kumwendea mtoto tumboni. Kinga hiyo yote imewekwa katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza, na matumbo ya mtoto huweza kuipokea kwa muda wa siku moja hivi, huku uwezo huo ukipungua kila saa ipitayo. Kwa hiyo mwanakondoo wa kilo 3 apate dang'a mililita 150 katika saa mbili za mwanzo, na jumla ya mililita 600 kabla ya siku kwisha. Na ikiwa mama hana maziwa, akamuliwe jirani yake aliyezaa siku hiyo. Mwenye kumwaga dang'a chini kwa kudhani kuwa ni maziwa machafu amemwaga uhai wa kundi lake.

Mtoto aliyekwisha poa hutambulikana kwa kinywa chake, kwa maana ukitia kidole ndani yake utahisi ubaridi mahali palipopasa kuwa na joto. Joto lake la kawaida ni baina ya digrii 39 na 40, na likishuka chini ya 37 yumo hatarini. Akiwa amezaliwa punde, akaushwe kwa kitambaa, afunikwe, awekwe karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo, kisha anyweshwe dang'a. Lakini asinyweshwe kitu maadamu hawezi kuinua kichwa, maana maziwa yatamwingia mapafuni. Akiwa amepitisha saa tano au zaidi bila ya kunyonya, joto pekee halitamfaa, na huenda likamwangamiza, kwa sababu mwili wake hauna sukari ya kulistahimili. Huyo amhitaji mganga wa mifugo ampe sukari kwanza. Haya ni mambo madogo kuyasikia, lakini baridi na njaa ndizo zinazowachukua wanakondoo wengi katika siku tatu za mwanzo, na wenye kuyajua mambo haya huwapunguzia sana mauti hayo.

Penye kufa mama, au penye kufa mtoto, hekima ya wafugaji imevumbua njia ya kuunganisha misiba miwili ikazaa faraja moja. Kondoo hamjui mwanawe kwa macho kwanza, bali kwa pua, na mlango wa kumpokea huwa wazi kwa saa chache tu baada ya kuzaa. Basi jike aliyefiwa hupelekewa yatima aliyepakwa maji ya uzazi ya jike huyo, au, ikiwa saa zimepita, maiti wa mwanawe huchunwa na yatima akavikwa ngozi ile kwa siku mbili tatu, mpaka maziwa ya mama mpya yampitie mwilini na kumpa harufu ya nyumba. Mtu anayeiona kazi hii mara ya kwanza huweza kuiona kuwa ni ya kikatili. Lakini amtazame yatima akinyonya, mkia wake ukitikisika kwa kasi, na mama akigugumia kwa sauti ile ya chini ambayo jike huitoa kwa mwanawe tu, na atakiri kwamba ni ihsani kubwa, kwa wote wawili.

Furaha ya msimu huu si fedha tu, ijapokuwa fedha imo. Ipo katika kumwona kiumbe ambaye nusu saa iliyopita hakuwa na pumzi akijiinua kwa magoti, akaanguka, akajiinua tena, mpaka akaifikia chuchu bila ya kuonyeshwa na mtu. Ipo katika saa ya magharibi, watoto wa kundi wafikapo umri wa juma moja au mawili, wanapojikusanya bila ya mama zao na kukimbizana ukingoni mwa ua, wakiruka kwa miguu yote minne bila ya sababu yoyote isipokuwa kuwa hai. Ipo katika watoto wa nyumbani wenye zamu ya chupa ya yatima, ambao hujifunza humo kwamba mwenye njaa hangoji mpaka mwenye kulisha apate nafasi, somo ambalo halipatikani upesi katika vitabu. Na mwanamke aliyeamka mara tatu usiku na taa mkononi, akakuta asubuhi mapacha wawili wamesimama wamekauka, hupata thawabu ambayo soko halijui bei yake.

Lakini mwenye kusimulia furaha hizo akanyamaza juu ya misiba huwa amewadanganya wasomaji wake. Mbali na baridi na njaa, adui wa kudumu wa zizi dogo ni mnyoo anyonyaye damu tumboni, ambaye jike mmoja wa aina yake hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Kondoo mzima humzuia kwa kinga yake; lakini karibu na kuzaa na katika siku za kunyonyesha kinga hiyo hulegea, mama humwaga mayai mengi malishoni, na watoto wake ndio wanaokuja kuyala majani yale yale. Mwanakondoo wa miezi miwili aliyekuwa akirukaruka huanza kuchelewa nyuma ya kundi, uvimbe wa maji hutokea chini ya taya, akafa akiwa mweupe ndani ya kope. Kope hizo ndizo dalili njema kwa mfugaji: katika Afrika ya Kusini wataalamu walitengeneza kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, ambayo mtu huilinganisha na rangi ya ndani ya ukope, akampa dawa yule tu aliyepauka, bila ya kuizoeza dawa minyoo ya kundi zima. Uzao nao una neno. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper huko Diani, kusini mwa Mombasa, katika unyevu wa pwani unaopendwa na minyoo, na kondoo wekundu, ambao wengi walikuwa wakiwadharau kwa udogo wao, walionekana kuistahimili minyoo kuliko Dorper wenye umbo la kupendeza, na watoto wao walikufa wachache zaidi. Mwenye kuuza wenyeji wote anunue wageni wote, kwa kutamani uzito peke yake, na alifikiri jambo hilo mara mbili.

Uko msiba mwingine ambao Bonde la Ufa limeupa jina lake. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, chini ya ukingo ule ambao Kinangop huutazama kutoka juu, majike walianza kuharibu mimba na wanakondoo wakafa kwa maelfu, mara nyingi kabla ya kutimiza siku ya pili tangu kuugua. Wataalamu Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1931 wakautangaza kuwa ni ugonjwa mpya, unaojulikana hata leo kwa jina la Homa ya Bonde la Ufa. Huenezwa na mbu, ambao mayai ya baadhi yao huweza kukaa miaka mingi katika udongo mkavu yakingoja mafuriko. Ndiyo maana ulilipuka baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 na za mwaka 2006, ukavuka mipaka ya Kenya, Somalia na Tanzania, na kuua watu pamoja na mifugo. Kwa hiyo mimba zikiharibika kwa wingi baada ya gharika, mfugaji asishike kitu kwa mikono mitupu, asichinje wala asile nyama ya mgonjwa, bali atoe habari kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo. Na hata penye mimba moja tu iliyotoka, vipo vijidudu vingine vinavyoweza kumdhuru mtu. Mwanamke mja mzito akae mbali na kazi ya kuzalisha kondoo, na kondo la nyuma lizikwe chini sana mahali ambapo mbwa hawatalifukua.

Yakisha kufungwa malango yote haya, hubaki lango moja ambalo hakuna mfugaji aliyepewa ufunguo wake. Atazaliwa mtoto mkamilifu wa viungo asiyevuta pumzi hata moja. Atakufa mama mzuri kwa damu isiyozuilika, na mtu amekaa naye usiku kucha. Mtu akishayatenda yote yaliyo wajibu wake, halafu yakatokea hayo, hana haki ya kujitesa nafsi kwa lawama, wala hana ruhusa ya kuketi na simanzi, kwa sababu walio hai wanalia njaa. Huzuni ya mfugaji sharti iwe fupi na yenye mikono: azike, asafishe zizi, aandike lililotokea, ampeleke yatima kwa mama mwingine. Na ile huzuni nyingine ya baadaye, ya kumfungulia lango mwanakondoo aliyelelewa kwa chupa aende sokoni kabla ya Idi el-Haj au Krismasi, isifichwe kwa ugumu wa moyo. Kumpenda mnyama na kuishi kwa nyama yake ni mambo mawili yaliyokutana tangu kale katika kazi hii, na kinachoyapatanisha ni uadilifu, yaani kwamba siku zote alizokaa nawe alishiba, hakuachwa na baridi, wala hakuumwa pasipo kutazamwa.

Nawasihi basi wenye mazizi madogo wafanye mambo matatu ambayo hayahitaji mali nyingi. Waandike daftarini tarehe ya kumwingiza dume na ya kumtoa, wajue siku ya kumtarajia mgeni. Wamwongezee chakula jike mwenye mimba katika majuma sita ya mwisho, hata ikibidi kupunguza mengine. Na katika saa mbili za kwanza baada ya kuzaa wahakikishe kwa macho yao kwamba kila mwanakondoo amekauka na amenyonya dang'a. Mwenye kuyashika haya matatu mwaka baada ya mwaka bado atafiwa, lakini atafiwa na wachache, na mwisho wa msimu atakapohesabu kundi lake atajua kwamba waliokufa hawakufa kwa uzembe wake.